Vishikio Vitatu vya Shaba

Simu ya msiba ilinikuta sebuleni kwangu Buswelu nikichambua dagaa, kazi ambayo mke wangu anadai naipenda kuliko ninavyompenda yeye, na ambayo sijawahi kuikana kwa nguvu sana. Aliyepiga alikuwa Fundi Kulwa. Tulikuwa hatujaonana zaidi ya miaka ishirini, ingawa yeye anakaa Mkuyuni na mji wenyewe ni huu huu mmoja. "Bahati," akasema bila salamu, "dereva wetu ametutoka. Mzee Magesa. Tunazika kesho kutwa. Njoo, hata kama kwako kutoka nje ya geti ni safari ya Ulaya." Nikasema nitakuja. Nikarudi kwenye sinia, na baada ya muda mke wangu akapita, akasimama, akaniuliza kwa upole kwa nini natupa dagaa na kubakiza vichwa.

Mke wangu ana hadithi yake kuhusu mimi, na huwasimulia wageni kila wanapokuja. Kwamba nilizaliwa nikiwa mtu wa ndani. Kwamba pazia likipinda mimi siwezi kula. Kwamba vikombe kabatini lazima mikono yake yote iangalie upande mmoja, na mtoto akigeuza kimoja nitakiona nikiwa bado mlangoni. Wageni hucheka, nami hucheka nao, maana kuchekwa kwa ajili ya vikombe ni nafuu kubwa. Wazazi wangu na kijiji nilikotoka nitaviruka hapa. Havina kosa lolote katika habari hii. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, mwenye cheti cha kidato cha nne ambacho matokeo yake hayakuwa ya kutangazia watu, na chumba cha kupanga Mkuyuni chenye dirisha moja na mapazia mawili.

Mwaka huo kamati fulani ya wapenda mambo ya zamani iliamua kufufua kichwa cha treni cha mvuke kilichokuwa kimesahauliwa kwenye reli mfu, nyuma ya ghala moja karibu na ziwa. Kilikuwa kichwa kidogo, cha aina iliyotumika kusogezea mabehewa bandarini, na kwa miaka mingi kilikuwa kimekaliwa na mbuzi. Siku tulipofungua mlango wa tanuri lake tulimkuta kuku ametamia, ametutolea macho kama mpangaji aliyeletewa notisi ya kuhama. Mimi niliajiriwa kwa sababu nina mwandiko mzuri. Kila kitu kilichofunguliwa, hata nati ndogo, kilitakiwa kifungiwe kibati chenye namba, ili siku ya kurudisha kirudi mahali pake. Nilikata vibati hivyo kutoka kwenye makopo ya mafuta ya kupikia, nikaviandika kwa msumari, nikavipanga ukutani kwa mistari. Fundi Kulwa, aliyekuwa mtu wa boila, alisimama mbele ya ukuta ule siku ya kwanza akatikisa kichwa. "Huyu tumemtoa kwenye reli au kwenye kitchen party?"

Dereva alikuwa mmoja tu. Mzee Magesa alikuwa Mjita wa kando ya ziwa, mrefu, amestaafu zamani, na katika wote waliobaki hapa mjini yeye ndiye aliyekuwa ameendesha mvuke muda mrefu kuliko wengine. Kamati ilimtaka awaambie mafundi kipi kinakwenda wapi, na siku ya uzinduzi akiendeshe mwenyewe. Alinipenda. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilimsikiliza. Mchana alikuwa akinichukua kwenda kula kwake, nyumba ya vyumba viwili iliyopandishwa juu ya mawe, mahali ambapo ukitoka mlangoni bila kuangalia unafika barabarani kabla ya viatu vyako. Mkewe, Mama Pendo, alitupikia ugali wa muhogo na sato wa kuchemsha, na mimi baada ya kula niliosha vyombo bila kuombwa, nikavipanga kichanjani kwa ukubwa. Siku ya tatu mama yule akamwita mumewe aje aone. "Baba Pendo, miaka yote nakuomba msichana wa kazi. Leo umeniletea mke mwenzangu kabisa." Tangu hapo hakuniita kwa jina.

Wakati wa kula ndipo Mzee Magesa alipokuwa akinifundisha. Kichwa cha mvuke, alisema, hakiuawi na moto, kinauawa na kukosa maji. Juu ya tanuri kuna paa la chuma, na juu ya paa hilo lazima maji yalale muda wote. Yakipungua paa likabaki kavu, linaweza kupasuka na kuondoka na watu. Ndiyo maana katika paa hilo wameweka plagi yenye moyo wa risasi, ile risasi laini ya kuyeyuka. Maji yakishuka, risasi inayeyuka, mvuke unamwagika chini na kuuzima moto. Watu wanapona. Dereva je? Hapo Mzee Magesa aliweka tonge chini. Dereva amekwisha. Kwa wenzake hakuna aibu iliyozidi hiyo, maana kazi yake ya kwanza na ya mwisho ni kuangalia kioo kinachoonyesha maji. Alinisimulia, akicheka mpaka machozi, habari za dereva mmoja wa zamani aliyeyeyusha risasi. Kila alipoingia mahali wenzake walipokaa, mtu aliinuka kimya akampelekea bilauri ya maji. Walimpelekea kantini, walimpelekea hospitali, walimpelekea hata kwenye harusi ya binti yake, mbele ya wakwe. "Na alikunywa?" nikauliza. "Angefanyaje? Alikunywa. Mimi mwenyewe ndiye niliyempelekea ile ya harusini." Kisha akapangusa macho. "Mimi sijawahi. Mwandikie mtu yeyote barua umuulize. Magesa hajawahi."

Kazi ilichukua karibu mwaka mzima. Fundi Kulwa alibadilisha mabomba ya boila mengi, mengine yalitoka yakiwa yamejaa tope la ziwa gumu kama kigae. Kitu kimoja hakikupatikana: kioo cha pili cha maji. Vichwa hivi huwa na vioo viwili, kimoja kikidanganya kingine kinasema kweli. Cha kwetu cha pili kilikuwa kimevunjika, na mhandisi wa kamati akaamua tundu lake lizibwe, kwa kuwa safari zenyewe zingekuwa fupi. Mzee Magesa alinung'unika siku mbili, halafu akaacha. Hicho kimoja kilichobaki kilikuwa bomba la kioo lililosimama wima, na kando yake vishikio vitatu vya shaba. Cha juu na cha kati viliachwa vining'inie chini. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya mvuke na maji kuingia kwenye kioo, nayo iko wazi. Cha mwisho, cha kumwagia, kililala pembeni, yaani kimefungwa. Aliniambia haya zaidi ya mara moja. Siwezi kusema sikuambiwa.

Wiki moja kabla ya uzinduzi kamati ilileta wageni waone majaribio, na mpiga picha. Asubuhi Mzee Magesa alipanda, akakipuliza kioo kama ilivyo desturi: akafungua cha chini, maji yakaruka kwa kelele, akafunga, maji yakapanda tena yakasimama katikati. Akaridhika. Moto ulikuwa wa kuni za mikaratusi na ulikuwa umeshika vizuri. Saa nne wakaenda chai, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyopikwa kwa karanga, ambayo Mama Pendo alikuwa ameleta kwenye ndoo. Mimi nikabaki kung'arisha shaba. Mzee Magesa alishuka ngazi akanigeukia. "Mke mwenza, ng'arisha upendavyo. Kinachozunguka usikizungushe."

Nilikuwa na majivu na ndimu, na kitambaa cha shati langu la shule. Nilisugua mpaka nikaona pua yangu. Halafu nikarudi nyuma hatua moja, kama ninavyofanya mpaka leo nikimaliza kupanga kabati, na nikaona vile vishikio vitatu. Viwili vinaning'inia, kimoja kimelala. Nilijua maana yake. Lakini mpiga picha alikuwa anakuja, na nikajisemea ni kwa ajili ya picha tu, wakirudi nitavirudisha. Nikavilaza vyote. Vikapendeza, jamani. Vikakaa kama vijiko. Sikufikiria kwamba nimeyafungia maji ndani ya kioo, hayapandi tena wala hayashuki, na kwamba kuanzia dakika ile kioo kitaonyesha nusu hata boila likauke kama sufuria ya bisi. Wala sikutaka kufikiria; nilitaka vikae sawa. Kisha Fundi Kulwa akaniita nikapange soda za wageni kwenye meza, na mimi ukinitajia kupanga kitu juu ya meza, nimesahau mengine yote.

Waliporudi kutoka chai, wageni walitaka honi. Kila mgeni alitaka kuivuta mwenyewe, na kila honi ni maji yanayotoka. Kichwa kikaenda mbele na nyuma kwenye ile reli ya uani, mara tano, mara sita, watu wakipiga makofi. Niliona Mzee Magesa akigeuka kuangalia kioo, akigeuka tena, uso wake umetulia. Kilikuwa nusu. Nilikuwa chini nimeshika sinia la soda mlio ulipotokea. Haukuwa wa kupasuka, ulikuwa wa kitu kinachopumua kwa hasira, na mlango wa tanuri ukatema weupe. Mzee Magesa alimsukuma mtia kuni nje, akamshusha mgeni mmoja mwanamke mikononi, ndipo akashuka mwenyewe, mkono wake wa kushoto umebabuka kuanzia kiwiko. Waliobaki walishakimbia, viatu vya heshima vilitapakaa kwenye kokoto. Na yeye, katikati ya mvuke ule, hakuangalia mkono. Alikuwa akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemjibu mtu, "Kioo kilikuwa nusu. Mimi nimeangalia. Kilikuwa nusu."

Hapo nikaelewa. Mvuke ulipopungua, mhandisi akauliza nani atapanda kuangalia. Katika maisha yangu sijajitolea kwa jambo lolote linalohusu kupanda, lakini siku ile nilikuwa kwenye ngazi kabla hajamaliza kuuliza. Vishikio vilikuwa vimelala vyote vitatu, vinang'aa. Kioo kilikuwa nusu. Nikafunga kitambaa mkononi, nikashusha cha juu, nikashusha cha kati, na yale maji ya uongo yakashuka yakapotea. Haikuchukua hata muda wa kukohoa. Nikatoa kichwa dirishani nikasema, "Kioo kitupu, Mhandisi." Nimesema maneno mengi tangu siku hiyo, mengine kanisani, mengine mbele ya wakwe, lakini nikiulizwa nilisema nini duniani, nitajibu hayo matatu.

Kikao kilifanyika keshoyake kwenye ofisi ya mbao, nami nilikuwa barazani na vibati vyangu. Mbao hazizuii sauti. Nilimsikia mhandisi akisema kwa heshima, na heshima ile ilikuwa mbaya kuliko matusi: "Mzee wetu, hakuna anayekulaumu. Umri ni umri." Mzee Magesa akasema aliona nusu. Mhandisi akasema vishikio vilikuwa wazi na kioo kitupu, kijana amekiona mwanzo, na wao wakaona baadaye. Mzee Magesa akauliza, "Kijana gani?" "Bahati." Nikasikia kiti kikisogezwa. "Kama Bahati amesema," Mzee Magesa akasema, "basi ni macho yangu." Nilikuwa na msumari mkononi na kibati nusu nimekiandika. Nilikimalizia. Mwandiko ulikuwa mzuri tu.

Kwa uzinduzi wakaleta dereva kutoka mkoa mwingine, na plagi mpya. Mzee Magesa hakuja. Mimi niliendelea kula kwake, na hiki ndicho nisichoweza kumweleza hata mke wangu: kwamba nilikwenda, nikala, nikaosha vyombo. Mama Pendo alikuwa akimpaka asali kwenye kidonda. Mzee alikuwa na gazeti la zamani, analisogeza mbali, analirudisha karibu, analisogeza tena. Alikuwa amekwenda kwa daktari wa macho, daktari akamwambia macho yake ni mazima, naye akaona daktari anamhurumia. Siku moja, nikiwa nimeinama kwenye karai, alinisogelea. "Bahati," akasema, jina langu lenyewe, "ile siku ulipopanda. Kilikuwa kitupu kabisa, au chini kabisa palikuwa na alama kidogo? Hata kidole kimoja?" Nilijua anachoomba. Aliomba kidole kimoja cha maji. "Kilikuwa kitupu, mzee." Akaitikia kwa kichwa, akanishukuru. Akanishukuru. Wiki ile ile Mzee Sospeter, dereva mstaafu mwenzake, alimkuta kilabuni Igogo, akainuka kimya, akamletea bilauri ya maji. Niliambiwa alikunywa yote, akaaga, na hakuonekana tena pale walipokaa wastaafu wa reli.

Mimi nikasingizia kifua, nikaacha kazi, nikahamia Buswelu ambako wakati ule kulikuwa bado mashamba na mawe. Nikapata kazi za mwandiko za kufanyia nyumbani: kadi za harusi, vibao vya maduka. Sokoni Mkuyuni sikwenda. Stesheni sikwenda. Watu wakaanza kusema Bahati ni mtu wa ndani, na lile likanifaa, nikalivaa, nikalipigia pasi. Mke wangu alinikuta nikiwa hivyo, akadhani ndiyo tabia. Sijamlaumu, hata mimi kuna miaka niliamini.

Keshoyake ya ile simu ya Kulwa nikapanda yale mawe ya kwa Mzee Magesa. Turubai lilikuwa limefungwa uani, chini yake wazee wa reli kwenye mabenchi na viti vya plastiki, wachache, wengine na fimbo. Fundi Kulwa alikuwepo, amenenepa. Mzee Sospeter alikuwepo, na kikombe cha chai mkononi. Nikawaamkia, "Shikamooni," wakaitikia, mmoja akauliza huyu ni nani, Kulwa akajibu, "Yule aliyekuwa anapanga nati kama vitumbua." Wakacheka kidogo, cheko la msibani. Nikapita ndani. Mama Pendo alikuwa amekaa kwenye mkeka katikati ya wanawake, miguu ameinyoosha. Alinitambua. Alinishika mkono akasema, "Mke mwenzangu, tumefiwa." Nikapiga magoti pale pale, na kwa kuwa nilijua nikisubiri nitaanza kuosha vikombe, nikamwambia. Vishikio, picha, ngazi, maneno matatu, kidole kimoja cha maji. Nilimwambia kwa sauti ndogo, lakini wanawake wa msibani wana masikio.

Hakuuondoa mkono wake. Aliniangalia kwa muda, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka zamani, hajui alikiweka wapi. "Hiki unanipa mimi cha nini?" akasema mwishowe. "Mimi nimelala na yale macho. Kila asubuhi yaliniona nikiwa mbaya na nikiwa mzuri. Sikuwahi kuyatilia shaka, ni yeye aliyeyatilia. Alikuwa akitoka hapo nje, akifika kwenye lile jiwe la kushukia ananipa mkono nimshike, mtu mzima na macho yake." Akaukaza mkono wangu. "Mimi siyo wa kuambiwa. Wa kuambiwa wako nje. Nenda kabla hawajamaliza chai." Ndipo akauachia mkono.

Nikatoka. Hakuna kitu kinachonitisha kama kusimama mbele ya watu waliokaa, na wao walikuwa wamekaa wote. Nikaanza vibaya, nikaanzia kwenye majivu na ndimu, mmoja akadhani nazungumzia upishi. Fundi Kulwa ndiye aliyeelewa kwanza. Alinikatisha. "Ngoja. Vililala vyote vitatu?"

"Vyote vitatu."

"Na ulipopanda ukavirudisha."

"Nikavirudisha. Nikasema kitupu."

Kulwa akaweka kikombe chini kwenye vumbi, taratibu, akakaa akiangalia viganja vyake. Yeye ndiye aliyelitengeneza boila lile kwa mwaka mzima, na yeye pia alikuwa amekaa kwenye kile kikao cha ofisi ya mbao akinyamaza. "Basi kweli aliona nusu," akasema. Hakuniambia mimi. "Magesa aliona nusu."

Mzee Sospeter alikuwa ameinamisha sikio, mkono nyuma yake; mvuke uliwaachia wengi wao masikio mabovu. "Anasemaje huyu?"

"Rudia," Kulwa akaniambia. "Msogelee. Na usimeze maneno."

Nikamsogelea Mzee Sospeter nikarudia, kuanzia juu mpaka chini, kwa sauti kubwa kiasi kwamba majirani walitoka kwenye vibaraza vyao kutazama. Alinisikiliza mpaka mwisho, mdomo wazi. Hakunitukana. Kikombe kilikuwa kimemwagika kwenye suruali yake naye hakuwa na habari. Aliangalia mlango wa nyumba, akaangalia mawe yanayoshuka barabarani, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuelekezwa njia, "Sasa mimi nimwambie nani?"

"Kesho makaburini watakuja wa Tabora," Kulwa akasema. "Na wa Kigoma wako njiani. Wale nao waliambiwa kwamba Magesa aliyeyusha. Utasimama karibu na mchungaji, akimaliza yeye unaanza wewe." Wazee wawili walikuwa ndiyo kwanza wanamalizia kupanda mawe, wanahema, wanauliza maji ya kunawa yako wapi. Kulwa akanionyesha kwa kidevu. "Hao hawajasikia." Hakuna aliyenisogezea kiti, nami sikukitafuta. Nikasubiri wapumue, nikawaamkia, nikaanza.